Aliuliza Sana: Kisa cha Msichana Asiyeona na Wenzake wa Darasa

Niliitwa kwa sababu ya maswali. Barua ya mwalimu wa darasa ilikuwa na mistari minne: mwanafunzi ana miaka 12, haoni tangu kuzaliwa, masomo anayamudu vizuri, ila "hana stadi za kijamii" na wenzake wamechoka kuhojiwa. Kazi yangu ni kuzungukia shule za kawaida zenye wanafunzi wenye ulemavu wa kuona, na kauli hiyo ya "hana stadi za kijamii" nimeisoma mara nyingi mno. Kwa kawaida hainiambii lolote juu ya mtoto, zaidi ya kwamba kuna mtu mzima amekwama mahali.

Nitamwita msichana tu. Mambo ya pembeni nimeyabadili asije akatambulika.

Kutoona kwake kunatokana na ugonjwa wa kurithi wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) unaobeba jina la Theodor Leber, daktari wa macho Mjerumani aliyeueleza mwaka 1869. Anajua taa imewaka au imezimwa, basi. Anasoma nukta nundu haraka kuliko baadhi ya wenzake wanavyosoma maandishi ya kawaida, anatembea na fimbo nyeupe ndani ya shule bila kushikwa mkono, na ana mwalimu msaidizi anayekuwa naye tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Huyu msaidizi msimsahau.

Siku tatu uwanjani

Siku tatu za kwanza sikufundisha kitu. Nilikaa pembeni mwa uwanja wakati wa mapumziko na daftari lenye safu tatu: nani amemsemesha, yeye amemsemesha nani, na mazungumzo yamekufa vipi.

Safu ya tatu ndiyo iliyonifunza. Mwenzake akimkaribia, msichana alianza: "Wewe nani? Umevaa nini? Uko na nani? Mnakwenda wapi? Kesho utakuja?" Mengine alikuwa anayajua majibu yake. Swali la kwanza na la pili yalijibiwa vizuri, la tatu kwa neno moja, la nne kwa mguno. Halafu mwenzake aliondoka kwa kunyata, kama mtu anayetoka chumba cha mtoto aliyelala, na msichana akaendelea kuuliza. Siku ya pili aliuliza maswali manne mfululizo mahali ambapo hapakuwa na mtu tena. Wawili waliokuwa karibu waliziba midomo wasisikike wakicheka.

Niliandika mambo mengine pia. Alipozungumza aliinamisha kichwa na kuelekeza sikio, uso ukabaki chini. Akiwa hana la kufanya alizamisha ngumi machoni na kukaa hivyo dakika nzima. Halafu kuna jambo ambalo wakati ule nililiandika kwa mstari mmoja tu, nikalipita: hakuna aliyembishia. Akisema mchezo uanze upya, wanasema haya. Akidai ameshinda, wanasema umeshinda. Kisha wanaondoka, wanakwenda kucheza mchezo wenyewe mahali pengine.

Na msaidizi alikuwapo. Mtoto aliyetaka kumwalika alimwangalia msaidizi na kuuliza, "Anaweza kucheza?" Msaidizi alijibu, tena kwa upole, na msichana akiwa amesimama katikati yao kama mzigo unaosubiri kuchukuliwa. Nilipohesabu jioni, zaidi ya nusu ya maneno yote aliyoambiwa mapumziko yale yalitoka kwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amempita umri kwa miaka zaidi ya ishirini.

Mpango wangu wa kwanza, ulioharibika

Ningeweza kuuruka sehemu hii, lakini makosa haya yanafanywa na wengi na mimi nilikuwa na uzoefu wa kutosha wa kuyakwepa.

Nilipanga mambo mawili. La kwanza, zamu: kila siku wanafunzi wawili wanakuwa naye mapumziko. La pili, adabu za mazungumzo: geuza uso, mikono mbali na macho, maswali mawili kwa kila mtu, basi. Tulifanya mazoezi ofisini, mimi nikijifanya mwenzake. Alikuwa hodari. Mwezi haujaisha, daftari langu lilipendeza: maswali yamepungua, uso unageuka, ngumi zimeshuka. Mwalimu wa darasa alinishukuru.

Wiki ya tano mama yake alinipigia simu. Alisema binti siku hizi akiamka anauliza jambo moja, "Leo zamu ya nani?", na akitajiwa majina fulani husema tumbo linamuuma. Siku hiyohiyo mvulana mmoja alinifuata, mtoto mwema kabisa, akaniomba kwa heshima: "Mwalimu, naweza kubadilishana Alhamisi yangu?"

Alhamisi yangu. Nilikuwa nimeugeuza urafiki kuwa kama kufagia darasa.

Nilirudi kwenye maandishi ya siku zile tatu na kuyasoma tena, safari hii nikitazama swali linakuja lini badala ya linauliza nini. Likaonekana wazi hadi nikaona aibu. Swali lilikuja kila mara baada ya kimya. Sekunde tatu, nne za kimya, swali. Mtu anayeona akikaa kimya na mwenzake bado yuko naye: anamwona akitabasamu, akifikiri, akipiga miayo. Kimya chake kina mtu ndani. Kwa msichana huyu, kimya cha uwanjani kilikuwa na maana tatu zisizotofautiana kwa sauti: mwenzangu anafikiri, mwenzangu amekasirika, mwenzangu ameondoka. Alikuwa ameshaachwa akiongea na hewa mara nyingi mno kuweza kubahatisha. Kwa hiyo alipapasa kwa sauti. Hakujali sana umevaa nini. Alitaka kujua kama bado upo.

Nami nilikuwa nimemwekea kikomo cha maswali mawili. Ni kama ningemnyang'anya fimbo kwa sababu inagonga miguu ya watu.

Kinachojifunzwa kwa macho bila kufundishwa

Mtoto anayeona hafundishwi namna ya kuingia kwenye kundi. Anasimama pembeni, anatazama mchezo umefikia wapi, anangoja upenyo, anaingia na kitu kinachofaa. Hakuna anayemweleza kwamba wawili walioinamiana wana siri, wala kwamba mtu anayetazama mlango anataka kuondoka. Mengi ya hayo asiyeona hayapati mpaka ayasikie kwa mtu, na watu hawasemi, kwa sababu hata wao hawajui kwamba waliyajifunza. Mwaka 1996 Mmarekani Phil Hatlen aliorodhesha maeneo ambayo mwanafunzi asiyeona anapaswa kufundishwa juu ya masomo ya kawaida. Stadi za kijamii zimo, bega kwa bega na nukta nundu na kutembea kwa fimbo. Katika shule nyingi ninazozijua, fimbo ina ratiba na mwalimu wake. Stadi za kijamii zina maneno kwenye ripoti ya mwisho wa mwaka.

Hata hivyo tusizidishe, kwamba asiyeona huzaliwa mtupu na kila kitu lazima kimiminwe. Mwaka 1998 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wasioona tangu kuzaliwa huchezesha mikono wanapozungumza, hata wakijua anayewasikiliza haoni. Hamu ya kufikisha neno kwa mwili mzima ipo. Wanachokosa ni zile ishara za makubaliano: kupunga, kuinua mabega, kutikisa kichwa kumpa mwenzako moyo aendelee kusema. Hizo nilimfundisha msichana kwa kushika mikono yangu nikizifanya, na nyingi alizitupa. Kupunga alikupenda. Kuinua mabega alisema kunamchosha, na sikuona sababu ya kumshurutisha.

Kuanza upya, safari hii na darasa

Zamu nilizifuta siku ileile. Kisha nilimweleza msichana nilichokiona kuhusu kimya, nikamuuliza kama ni kweli. Alinyamaza muda mrefu (kwa mara ya kwanza na mimi), akasema, "Nilifikiri watu wote hawajui kama mwenzao amebaki." Alikuwa hajui kwamba wengine wanaona. Neno la kuona alilijua. Alichokuwa hajui ni kwamba kuona kunafanya kazi hiyo pia.

Nikamwuliza nani alieleze darasa. Akataka yeye. Alisimama mbele akasema kwa ufupi kuliko ambavyo ningeweza mimi: "Mkija semeni jina. Sauti zenu zinafanana mkipiga kelele. Mkiondoka semeni naondoka. La sivyo naongea na ukuta, na ukuta haunijibu." Walicheka, naye akacheka. Nikaongeza la tatu: anayemsemesha aanze na jina lake, kwa sababu kumwangalia hakumwambii kwamba maneno ni yake.

Watoto walishika ndani ya wiki mbili, wakasahau, wakakumbushana. Walimu walichukua muda zaidi. Yupo aliyeendelea kuingia darasani na kusema "wewe, jibu", akinyoosha kidole, hadi mwisho wa muhula.

Kwa upande wake tulifanya kazi ya kimya chenyewe. Nilitafuta shughuli za mikono zinazofanywa na watu wawili au watatu kwenye meza moja: kuunda vitu kwa udongo, kupanga shanga, kukunja karatasi. Kwenye meza ya namna hiyo mwenzako anasikika hata asiposema. Benchi linatikisika, kopo la shanga linalia, karatasi inakwaruza. Kimya kikapata mtu ndani. Wiki ya kwanza aliuliza maswali kama kawaida. Wiki ya tatu niliandika dakika nne bila swali, na hakuna aliyemkataza.

Tulifanya pia mazoezi ya kutoa badala ya kuomba. Mtu anayeuliza tu anamwachia mwenzake kazi yote ya mazungumzo. Nilimwomba kila swali alilotaka kuuliza aligeuze kwanza kuwa habari yake: badala ya "Jana ulifanya nini?" aanze na alichofanya yeye jana. Ilikuwa ngumu, na sababu yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia. Hakuwa na habari nyingi za kutoa. Alipelekwa na kurudishwa, alifanyiwa na kutayarishiwa. Nyumbani tukaanza kazi ndogondogo zilizo zake peke yake, na mama yake aliniambia baadaye kwamba hilo lilimpa wasiwasi kuliko yote. Lakini mtoto aliyemwaga ndoo ya maji sakafuni ana kisa cha kusimulia keshoye.

Kuhusu kuingia kundini, nilimkataza swali la "Naweza kucheza?" Swali hilo lina majibu mawili na moja linauma. Tulikubaliana asimame karibu, asikilize, kisha amwulize aliye jirani yake, "Mmefika wapi?" Hili nalo ni swali, lakini linamfanya jirani kuwa msimulizi, na mtu akishakusimulia mchezo tayari uko nusu ndani yake.

Uso na macho

Kugeuza uso nilikurudia, sasa kwa sababu. Mara ya kwanza nilimwambia ni adabu. Mara ya pili nilimweleza kwamba sauti inakwenda uso unakoelekea, na uwanjani penye kelele mtu asiyeelekezewa uso hajui kwamba anasemeshwa. Tulijaribu: alinisemesha akiwa ameinama, kisha akiwa ameinua uso, na mwenzake aliyesimama mbali akamwambia ni lini alisikia. Toka siku hiyo sikuhitaji kumkumbusha sana.

Macho yalikuwa habari nyingine. Kubonyeza macho huonekana sana kwa watoto wenye ugonjwa huu hasa, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba shinikizo linaichokoza retina na kumpa mtoto hisia ya mwanga. Fikirini basi tunamwomba aache nini. Nawajua watu wazima wasioona wanaosema jamii izoee tabia zao, kama kuyumba mbele na nyuma, na juu ya kuyumba nipo upande wao. Lakini kubonyeza kwa miaka kunaweza kuyazamisha macho na kuidhoofisha konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, kwa hiyo hapa sikuwa tayari kuacha. Nilimweleza yote hayo. Alichagua neno la siri ambalo msaidizi angelitamka kumkumbusha, na kamba fupi yenye mafundo ya kuchezea mkononi. Tabia ilipungua. Haikuisha, akichoka inarudi.

Msaidizi

Sehemu hii ndiyo iliyokula muda wangu mwingi, na haikuhusu mtoto.

Nilimwomba msaidizi arudi nyuma: hatua mbili wiki hii, hatua kumi wiki ijayo, kisha upande wa pili wa uwanja. Na mtoto yeyote akimwuliza "Anaweza kucheza?" ajibu, "Mwulize mwenyewe." Alikubali mbele yangu, lakini kila nilipokuja nilimkuta alipokuwa. Nilidhani anapinga. Nilipokaa naye bila haraka aliniambia jambo lililoninyamazisha: "Akianguka, ni mimi nitaulizwa. Wewe utakuwa shule nyingine." Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimempa kazi ya kuthubutu bila kumpa kinga.

Tukakaa na mwalimu mkuu na wazazi. Ikaandikwa kwamba goti kuchunika wakati wa mapumziko ni jambo la kawaida kwa mwanafunzi huyu kama kwa wengine, na kwamba msaidizi anakaa mbali kwa maelekezo ya shule. Karatasi moja, sahihi nne. Siku iliyofuata alikuwa upande wa pili wa uwanja, amekaa, anakunywa maji yake. Goti lilichunika wiki ya pili. Waliomwinua walikuwa wawili, na mmoja alikuwa yule wa Alhamisi.

Mpira wenye kengele

Mwalimu wa michezo aliniomba ushauri: alitaka kuwafunga wanafunzi vitambaa machoni watembee darasani "waonje upofu". Nilimwomba asifanye. Dakika kumi za kitambaa hazikufundishi kuishi bila kuona. Zinakufundisha kujigonga na kuogopa, na unatoka hapo ukimhurumia mwenzako zaidi ya ulivyoingia. Huruma msichana huyu alikuwa nayo ya kutosha.

Nilimpendekezea golboli. Mchezo huu ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza kuona katika Vita vya Pili vya Dunia, na tangu mwaka 1976 unashindaniwa katika Paralimpiki. Wachezaji ni watatu kila upande, wote wamefunikwa macho hata wale wasioona kabisa. Mpira una kengele ndani na unaviringishwa kwa nguvu kuelekea goli lenye upana wa uwanja mzima, mita 9. Mistari imewekewa kamba chini ya utepe ili ipapaswe kwa mkono. Watazamaji hukaa kimya mpira unapochezwa, la sivyo kengele haisikiki. Sisi tulitumia ukumbi, kamba, utepe na mpira mmoja wa kuazima.

Kitambaa ni kilekile, lakini hapa mtoto anakifunga aingie mahali ambapo msichana anamzidi. Alisikia mpira ukiwa bado mkononi mwa mpinzani. Alitaja pembe unayotokea. Wenzake wawili walikuwa wamelala sakafuni upande usiohusika, wakimwuliza yeye: "Uko wapi? Unakuja? Umepita?" Maswali, baada ya kila kimya. Sikuwaambia kitu. Mmoja wao, wakati tunakunja kamba, alisema polepole kama anajisemea, "Kumbe ndiyo maana anauliza."

Siku hiyo pia mvulana wa timu pinzani alimbishia kama mpira ulikuwa umetoka. Walibishana kwa sauti ya juu mpaka mwalimu akapuliza filimbi. Nikaukumbuka ule mstari mmoja wa daftarini.

Yaliyobaki

Alikuwa hajawahi kukutana na mtu mwingine asiyeona. Miaka 12. Ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, inapotaja stadi za maisha na za kijamii inataja papo hapo kusaidiana kwa wenza na ushauri wa aliyetangulia, nami kwa miezi yote hiyo sikuwa nimelifikiria. Nilimwunganisha kwa simu, kwa ridhaa ya wazazi wa pande zote, na mwanafunzi asiyeona wa shule ya juu. Wanaongea Jumamosi. Mengi siambiwi. Moja niliambiwa: amefundishwa namna ya kumkatalia mtu anayekushika mkono kukuvusha bila kukuuliza, na bado mkaachana kwa amani. Mimi nisingeweza kumfundisha hilo, maana hakuna anayenivusha.

Kundi la ujumbe la darasa bado ni tatizo. Simu yake inamsomea maandishi, lakini wenzake wanatumiana picha, na simu inasema "picha" kisha inanyamaza. Wawili wameanza kuandika maelezo chini ya picha, hasa zile za kuchekesha. Wengine hawajali.

Mwezi uliopita mwalimu wa darasa alinipigia, sauti imejaa hofu. Msichana na rafiki yake wa meza ya shanga wamegombana, hawasemezani, chanzo ni siri iliyotolewa; je, niende kuwapatanisha? Niliuliza nani aliitoa siri. Msichana, akasema. Nikamwambia awaache, na msaidizi aendelee kukaa upande wa pili wa uwanja. Siku ya tatu nilipofika shuleni walikuwa bado hawasemezani. Walikuwa wamekaa benchi moja, kila mmoja mwisho wake, na hakuna aliyeondoka.